Vichezeo vya Utotoni Vinapojaa Stoo

Vichezeo vya utotoni ndivyo vitu vya mwisho kutoka nyumbani. Nguo zilizobana hugawiwa, vyombo vilivyopasuka hutupwa, magazeti ya zamani huishia kwa wauza maandazi. Lakini mdoli asiye na jicho na gari la plastiki lililobakiwa na magurudumu matatu huhama na familia kutoka chumba cha kupanga hadi nyumba ya kujenga, ndani ya begi lilelile la shangazi kaja, bila kufunguliwa. Humo huchanganyika na vitu vya watoto waliofuata, na baada ya miaka stoo inakuwa mahali ambapo hakuna ajuaye kilichomo ila kila mtu anakataza kisitupwe.

Sababu ya kung'ang'ania huko imeelezwa na wataalamu wa nyanja mbalimbali. Mwaka 1951 Donald Winnicott, daktari wa watoto na mchanganuzi wa nafsi wa Uingereza, alieleza jinsi mtoto mdogo anavyojichagulia kitu kimoja, aghalabu kipande cha blanketi au mdoli laini, kikawa cha kumtuliza mama anapokuwa mbali. Kitu hicho, aliona Winnicott, kwa kawaida hakisahauliki wala hakililiwi. Hupoteza nguvu yake polepole mtoto anapopata mambo mengine ya kumshughulisha. Wachumi nao wamelitazama jambo hili kwa upande wao. Mwaka 1980 Richard Thaler aliipa jina tabia ya mtu kukipa kitu thamani kubwa zaidi kwa kuwa tu ni chake, na mwaka 1990 yeye, Daniel Kahneman na Jack Knetsch walichapisha majaribio waliyofanya kwa kutumia vikombe: waliopewa kikombe walidai, ili wakiuze, takribani mara mbili ya bei ambayo wasio nacho walikuwa tayari kuitoa. Na kikombe chenyewe walikuwa nacho kwa muda mfupi tu. Mdoli aliyelaliwa kila usiku kwa miaka sita hana bei inayoweza kutajwa.

Hata hivyo, kitu kilichosahauliwa kwenye begi la stoo hakijahifadhiwa. Katika miji yenye unyevunyevu kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, ukungu huingia kwenye manyoya ya mdoli, chuma hushika kutu, mende hutaga ndani ya maboksi na mchwa hupanda ukutani kufuata karatasi na mbao. Siku begi linapofunguliwa, hakuna tena cha kumpa mtoto mwingine wala cha kumwonyesha mjukuu. Kuhifadhi ni kazi yenye gharama ya nafasi na muda, na hakuna kaya inayoweza kuifanya kwa magunia matatu ya vichezeo. Inaweza kuifanya kwa vitu kumi au kumi na tano. Vilivyobaki vinamfaa zaidi mtoto mwingine vikiwa bado vinachezeka.

Kabla ya kugusa chochote, ni lazima ijulikane ni cha nani. Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kichezeo hakina mwenyewe mmoja: baiskeli ya magurudumu matatu iliyonunuliwa kwa ajili ya kifungua mimba huishia kwa kitinda mimba, na kati yao imepandwa na binamu wawili waliokuja likizo. Kanuni inayosaidia ni kwamba mwenye kauli ni mwenye kumbukumbu, hata kama hakukinunua wala haishi tena katika nyumba hiyo.

Mtoto ambaye bado yuko nyumbani anastahili kushirikishwa. Kumvizia akiwa shuleni na kutoa vitu vyake kunamaliza kazi asubuhi moja na kuanzisha nyingine ndefu zaidi: mtoto aliyefanyiwa hivyo huanza kuficha vitu, na kila akiona fagio linaelekea chumbani kwake anashtuka. Mtoto wa miaka minne au mitano huchagua vizuri akiwekewa vitu viwili au vitatu na kuulizwa abaki na kipi. Akimwagiwa rundo zima na kuulizwa kipi kitoke, jibu ni hapana kwa vyote.

Waliokwisha kuwa watu wazima na kuhama ni kundi jingine. Mama aliyestaafu hana wajibu wa kuwa ghala la watoto wake watano. Njia ya heshima ni kupiga picha vilivyopo, kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la familia na kutaja siku ya mwisho, kwa mfano baada ya Pasaka au Idi, ambapo kisichochukuliwa kitagawiwa. Miezi miwili au mitatu inatosha. Anayeishi Muscat au Minnesota anaweza kumwomba ndugu aliye karibu amtunzie. Watoto nao wanapotaka kupunguza vitu katika nyumba ya wazazi wasijione kuwa wao pekee ndio wenye kumbukumbu. Aliyemshonea mdoli gauni kwa vipande vya kitenge alikuwa mama, na huenda gauni hilo lina maana kubwa kwake kuliko kwa binti aliyelivua na kulipoteza mara kumi.

Vichezeo vya mtoto aliyefariki havimo katika kazi hii. Hufungwa vizuri, huwekwa kando, na wazazi wenyewe ndio watakaosema lini na kwa namna gani vitatoka. Wapo wanaotaka vigawiwe mapema. Wapo pia ambao kwao kukuta jamaa wenye nia njema wameshaviondoa ni msiba wa pili.

Wakati unaofaa ni muhimu. Wiki ya kuhama nyumba ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa uchovu humfanya mtu atupe vyote au abebe vyote. Kiangazi ndicho kinachofaa, kwa sababu vitu vitahitaji kuanikwa. Vyote vitolewe stoo, uvunguni, juu ya kabati na darini, vikusanywe juu ya mkeka mmoja. Wingi wake ukionekana mara moja, hauhitaji kuhubiriwa. Hapo hutengwa kwanza visivyo na hadithi yoyote: filimbi za sherehe za siku ya kuzaliwa, vichezeo vidogo vya kwenye pakiti za biskuti, rimoti ya gari lisilokuwepo, simu ya plastiki iliyokufa betri. Mara nyingi hili peke yake huondoa theluthi ya rundo bila mtu kuugua moyo.

Marie Kondo, mpangaji wa nyumba wa Japani ambaye kitabu chake kilienea duniani baada ya kutoka kwa Kiingereza mwaka 2014, huacha vitu vya kumbukumbu hadi mwisho kabisa, baada ya nguo, vitabu, karatasi na makorokoro, kwa hoja kwamba uwezo wa kuamua hukua kwa mazoezi. Hoja hiyo ni ya kweli, na mtu ambaye hajawahi kupunguza hata nguo asianze na midoli. Kipimo chake kingine, cha kushika kila kitu na kuona kama kinaleta furaha, hakisaidii sana hapa: karibu kila kichezeo cha zamani huleta furaha kwa nusu dakika ya kwanza.

Swali linalochuja zaidi ni hili: kitu hiki kinakumbusha nini ambacho hakuna kingine hapa kinachokikumbusha? Magari thelathini madogo ya chuma yana kumbukumbu moja kati yao, mchana wa likizo na barabara iliyochorwa mchangani uani. Gari moja linatosha kuibeba, na linalofaa ni lile lililochubuka rangi mpaka bati likaonekana, maana ndilo lililochezewa. Watu wengi huchagua kinyume chake. Hubakiza lililo zima kwa kuwa ni zima, na kumgawia mtoto mwingine bovu, hivyo pande zote mbili zikakosa.

Kosa hilo linaonekana wazi zaidi kwa mdoli wa kabatini. Katika sebule nyingi, zawadi aliyokuja nayo mjomba kutoka Uarabuni au shangazi kutoka Ulaya haikuchezewa kabisa: iliwekwa nyuma ya kioo cha kabati la vyombo, pamoja na glasi za wageni, ikiwa bado na nailoni yake, na mtoto akaonywa asiiguse. Miaka ishirini baadaye ndiyo inayoonekana ya thamani, na ndiyo inayoleta mabishano. Ukweli ni kwamba mtoto hana kumbukumbu nayo zaidi ya kuitazama. Kama mtoaji ni mtu anayependwa, picha yake au barua yake inamkumbusha vizuri zaidi; mdoli mwenyewe, ambaye hata nywele zake hazijachanwa, ni zawadi nzuri kwa mtoto atakayemtoa kwenye nailoni siku hiyohiyo. Zawadi ilikamilisha kazi yake siku ilipopokewa, na hakuna adabu inayovunjwa kwa kuipitisha mbele.

Vichezeo vya kutengeneza kwa mkono vinahitaji jicho jingine kabisa, kwa sababu machoni pa mgeni ni takataka. Gari la waya lina mwili uliokunjwa kwa waya wa uzio au wa hanga, viungo vilivyofungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu, magurudumu yaliyokatwa kwenye nyayo za kandambili au kutokana na vizibo vya soda, na usukani mrefu unaofika kiunoni ili dereva aliendeshe huku akitembea. Hakuna duka litakaloliuza tena kama lilivyokuwa, na aliyelitengeneza mara nyingi ni mtoto mwenyewe au kaka yake. Hivyo hivyo kwa mdoli wa gunzi la mhindi, ng'ombe wa udongo, pia ya mbao na mpira wa makaratasi. Mpira uliosokotwa kwa mifuko ya rambo sasa ni kitu cha kihistoria, kwani Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017 na Tanzania ikafuata Juni 2019. Watoto wa leo wanasokota kwa matambara. Panapokuwa na shaka kati ya kichezeo cha dukani na cha mkono, cha mkono ndicho cha kubaki.

Tahadhari moja ipo kwa nyumba za Wazaramo na majirani zao. Kinachofanana na mdoli mdogo wa mbao, bila mikono wala miguu, chenye kishungi kichwani, huenda si kichezeo bali ni mwana hiti, kinachotumika katika kumfunda mwali na kurithishwa. Bibi au shangazi aulizwe kabla hakijawekwa kwenye rundo lolote.

Kisha kuna vitu vinavyopaswa kuondoka hata kama vinapendwa, au angalau visirudi mikononi mwa mtoto. Rangi za zamani zilikuwa na risasi. Marekani iliipiga marufuku kwenye vichezeo na rangi za nyumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa vichezeo vya plastiki vya mtumba na kukuta kadimiamu, risasi na kemikali nyingine hatari, hasa katika baadhi ya vitu vya rangi nyekundu, njano na nyeusi. Kwa hiyo kichezeo cha zamani chenye rangi inayobanduka kinafaa rafuni, juu, mbali na mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Mdoli wa plastiki laini anayenata mkononi anatoa kilainishi kilichochanganywa kwenye plastiki yake. Kumwosha hakumponyi, na asigusane na kitu kingine. Vyenye betri bapa za mviringo, zile ndogo kama kifungo cha shati, vitolewe betri mara moja: mtoto akiimeza na ikanasa kooni, huunguza umio ndani ya saa mbili.

Midoli ya manyoya hubeba vumbi na utitiri unaochochea pumu. Maji ya nyuzi joto 60 huua utitiri, na nyumba isiyo na mashine huyapata kwa kuchanganya nusu ndoo ya maji yanayochemka na nusu ya maji ya bomba. Mdoli hulowekwa humo nusu saa, kisha hufuliwa yakishapoa. Asiyeweza kustahimili moto, kwa kuwa pua yake imegundishwa kwa gundi au ndani ana kisanduku cha sauti, hufungwa kwenye mfuko na kuwekwa friza siku mbili, kisha hukung'utwa nje. Yapo pia mashauri ya kutofua. Winnicott aliandika kwamba mama huacha kitu cha mtoto kichakae na hata kinuke, akijua kwamba kukifua kunaweza kuiondoa maana yake. Kama mdoli bado analaliwa na mtoto mdogo asiye na pumu, harufu ni sehemu ya mdoli, na friza ni bora kuliko sabuni.

Vya kugawa husafishwa na kutengenezwa kwanza. Fumbo la picha huhesabiwa vipande. Lenye pengo halifai kupewa mtu kama zima. Matofali ya Lego ndiyo rahisi kuliko yote, kwa kuwa yaliyotengenezwa tangu 1958 bado yanashikana na ya leo, hivyo hata rundo lisilotimia lina kazi. Wa kwanza kufikiriwa ni watoto wa ukoo na wa jirani, kisha shule za chekechea, ambako vitu vigumu vinavyooshwa hupendwa zaidi. Vituo vya kulea watoto vipigiwe simu kwanza: vingi vina midoli ya kutosha na vinachokosa ni mipira, vitabu na vichezeo vya watoto wakubwa. Wodi za watoto hospitalini mara nyingi hukataa vitu vya manyoya kwa sababu ya maambukizi, na kukataliwa huko si dharau. Kuuza kunawezekana sokoni, lakini bei ya kichezeo kilichotumika mahali ambapo mtumba hufika kwa marobota ni ndogo sana, na mwenye kutarajia hela nyingi hurudi na mzigo wake.

Kilichovunjika hakichomwi uani. Plastiki nyingi za midoli ni za PVC, na moshi wake una asidi na dioksini, sumu inayobaki muda mrefu mwilini na udongoni. Vyuma na plastiki ngumu huchukuliwa na wanaonunua chakavu. Vilivyobaki huenda na gari la taka. Wengine huona vibaya kumtupa mdoli mwenye uso, na hisia hiyo si ya kuchekwa: Japani yapo mahekalu yanayopokea midoli ya zamani na kuifanyia ibada ya kuishukuru kabla ya kuteketezwa. Kumfunga kitambaani kabla ya kumweka kwenye pipa hakugharimu kitu.

Kwa vinavyoondoka, picha husaidia ikiwa imepigwa vizuri: mchana, karibu na dirisha, juu ya shuka lisilo na maua, mara moja kikiwa peke yake na mara moja kikiwa mkononi mwa mwenyewe ili ukubwa wake uonekane. Bila maelezo, picha hiyo baada ya miaka kumi ni ya mdoli yeyote tu. Jina la kichezeo, jina la aliyekitoa, nyumba walimokuwa wakiishi na mwaka viandikwe papo hapo, au mwenye kumbukumbu arekodiwe akieleza. Kwa kuwa simu huibwa na huzama majini, chache zilizo bora zisafishwe studio na kuwekwa kwenye albamu.

Vinavyobaki hupewa chombo kimoja kwa kila mtu, na chombo huchaguliwa kabla ya vitu. Sanduku la bati linafaa kuliko begi la nailoni, kwani panya halitoboi. Kila kitu hufungwa peke yake kwa kipande cha shuka jeupe la pamba lililofuliwa bila wanga; kanga na kitenge huchuja rangi kwenye unyevu, na mfuko wa plastiki hufungia jasho ndani. Udongo haulowekwi wala haupigwi mswaki, bali hupanguswa kwa brashi laini. Gari la waya husuguliwa kutu na kupakwa mafuta ya cherehani kidogo kwa kitambaa, huku magurudumu yake ya kandambili yakiachwa makavu. Vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya huwekwa pembeni ya sanduku, na sanduku lenyewe huinuliwa juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta, ili mchwa waonekane mapema.

Vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kabatini havifai hapa kabisa. Hulainisha baadhi ya plastiki, na mvuke wake ni hatari kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo ya malaria, kwani huweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake. Majani makavu ya mwarobaini ndani ya kitambaa yana nguvu kidogo zaidi ya kutokuwa na kitu, lakini hayamdhuru mtu.

Vile ambavyo havijaamuliwa huingia boksi la peke yake, linaloandikwa tarehe na jina. Ushauri wa kawaida ni kuligawa bila kulifungua kama halikuulizwa mwaka mzima. Ni afadhali lifunguliwe mwenyewe akiwepo, maana chini ya midoli hukutwa cheti cha chekechea, pete ya marehemu bibi au picha iliyodhaniwa kupotea. Kiangazi kinachofuata sanduku la bati nalo hufunguliwa, vitambaa huanikwa, kutu hutazamwa, na kama kuna kitu ambacho mwenyewe hakukifungua hata kukitazama, huamuliwa upya hapohapo kabla mfuniko haujarudi.